Nani Ashike Kichwa cha Mtoto wa Nyamizi?

Sogeeni, na mwenye mtoto mdogo amshike mkono, maana hadithi hii inaogopesha na mimi mwenyewe naiogopa kila ninapoisimulia. Nitaisema mpaka mwisho wake, halafu nitawaachia ninyi shughuli iliyobaki. Mmekubali? Haya, msije mkanilaumu.

Palikuwa na mji wa mlimani ukiitwa Kilongwe, na korongo refu lilikuwa limeupasua katikati. Upande wa chini waliishi wakulima na wafinyanzi, ukaitwa Bondeni. Upande wa juu waliishi wahunzi, ukaitwa Juu. Watu wa zamani hawakujisumbua sana na majina. Pande hizo hazikuoana wala hazikuzikana, kwa ugomvi ambao kila mtu alikuwa na hakika nao na hakuna aliyejua ulianzaje. Kilichoziunganisha ni gogo moja lililolazwa juu ya korongo.

Bondeni waliishi majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Sengondo. Yeye alijua kurudi nyuma. Ukimpa habari hakuuliza kama ni ya kweli, aliuliza, "Nani kakuambia?" Ukimtaja mtu, atamwendea huyo amuulize vilevile, na akitajwa mwingine ataenda, mpaka afike kwenye mdomo wa kwanza. Mkewe alichoka naye. Akisema mvua inakuja, mume anauliza nani kamwambia.

Wa pili ni Mwanakheri. Yeye alijua vivuko. Wengine wakitazama mji waliona mapaa, yeye aliona nani anaingia kwa nani. Alijua kwamba kundi fulani na kundi fulani wameshikana kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo akilala na homa, hawa hawapati habari za wale mpaka apone.

Wa tatu ni Mbaruku, na huyu alitaniwa sana, kwa sababu alikuwa mwanamume anayetazama vichwa vya wake za watu. Lakini sikilizeni kwanza. Kilongwe mtu hakumpa kila mtu kichwa chake. Waliamini nywele ni nusu ya uhai, na kila mwanamke alipomaliza kusukwa aliokota zake zilizodondoka akaenda kuzizika mwenyewe. Ukimlalia mtu mapajani akusuke, umemwamini kabisa. Basi Mbaruku akitazama njia za nywele na jinsi zilivyofungwa nchani, alijua ni mkono wa nani, na hivyo alijua nani anamwamini nani. Alikuwa akisema, "Jumbe anasalimiwa na mji mzima. Haya, niambieni, nani kamwendea kuomba ushauri?" Watu walicheka. Jumbe mwenyewe hakucheka.

Siku moja akaja Nyamizi. Alitoka nchi ya mbali, mumewe mpagazi alikuwa amefia njiani, naye ana mimba kubwa. Alipewa kibanda karibu na soko, akaanza kusuka watu. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mtamu, na wanawake wa Bondeni wakaanza kumwendea, mmoja leo, mwingine kesho.

Kosa lake lilikuwa hili. Wenyeji wakisahau kuokota nywele zao, yeye alizifagia akaziweka kwenye gunia. Kwao alikotoka, mama akikaribia kujifungua hushona mto mdogo, akaujaza nywele za wanawake waliozaa salama, ili mtoto alalie bahati yao. Hakujua kwamba Kilongwe kuweka nywele za mtu ni kumshika roho. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Bi arusi mmoja, Tunu, alikuwa kwake akisukwa. Nyamizi alipotoka kwenda kuteka maji, Tunu akainua mkeka akitafuta kitana kilichoanguka, akaona gunia. Akachungulia. Nywele, nyeusi na nyeupe, zimejaa mpaka shingoni mwa gunia. Hakungoja kuuliza, alitoka mbio na kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kimetimka.

Na siku zile watoto wa mji walikuwa na homa.

Kufikia mchana wa siku ya gulio, mji ulikuwa umebadilika. Huyu anasema mgeni ana gunia la nywele. Yule anasema ni nywele za watoto. Wa tatu anasema kila unywele unaoingia gunia, mtoto mmoja anaanguka. Mfinyanzi mmoja jina lake Mwamvua, aliyekuwa na mjukuu mgonjwa, akasema kwa sauti iliyokatika, "Mle ndani mna vichwa." Wanaume wakaenda kuchukua mapanga na wanawake wakabeba michi.

Nyamizi aliwaona wakijikusanya. Akafunga mlango, akasukuma kinu nyuma yake, akakaa chini na kushika tumbo. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Kelele angeweza kuzijibu. Alisikia minong'ono tu na nyayo zikiongezeka, na mtoto tumboni akageuka kama naye amesikia.

Jumbe akatoka. Akawaambia warudi makwao. Wakamsalimu kwa heshima zote, wakamwitikia, "Ndiyo, Jumbe," kisha wakaendelea kunoa.

Majirani wetu watatu walikutana nyuma ya ghala. Nao waliogopa, msidhani ni mashujaa wa kuchorwa ukutani.

"Kila ninayemuuliza anasema kasikia kwa watu wengi," alisema Sengondo. "Hao wengi ni nani?"

"Mimi naogopa kingine," alisema Mwanakheri. "Habari haijavuka korongo. Ingevuka, wahunzi wangekuwa hapa sasa hivi, maana watoto wao wanaumwa kuliko wetu. Hawa wa kwetu bado wanatazamana nani aanze. Wale wakishuka hawatamtazama mtu."

"Na nani wa kuwasimamisha hawa?" aliuliza Mbaruku. "Jumbe mmemwona."

"Wewe unajua vichwa," Mwanakheri akamwambia. "Tafuta."

Wakaachana palepale, hata kuagana hawakuagana.

Sengondo aliingia ndani ya kundi. Akamshika mkono muuza dagaa akamuuliza, "Nani kakuambia?" Akamtaja Mwamvua. Mwamvua alikuwa amesikia kwa wifi yake. Kijana wa panga akamkamata Sengondo ukosi, "Kumbe unamtetea?" "Sitetei, ndugu yangu. Nauliza tu." Akaachiwa, akaendelea. Wifi alisikia kwa jirani yake mwenye mbuzi. Mke wa seremala, aliyeapa kasikia kwa watu tofauti tofauti, naye alipowataja, wote walikuwa wamesikia kwa huyohuyo mwenye mbuzi. Kila njia aliyoishika ilimrudisha hapo, na mwenye mbuzi akamtaja Tunu. Wale watu wengi wote walikuwa wamechota mtungi mmoja, kila mmoja akatia chumvi yake.

Alimkuta Tunu chini ya kitanda, kajifunika kanga mpaka usoni.

"Ulisema nini, dada yangu?"

"Sikusema vichwa, kaka! Wallahi sikusema vichwa. Nilisema nimeona nywele. Basi."

"Twende ukaseme hivyo."

"Wataniua mimi."

Sengondo alikaa sakafuni. "Mimi pia naogopa," alisema. "Tutaogopa huku tunatembea." Akamnyooshea mkono, na mkono mwembamba wenye hina ukatoka chini ya kitanda.

Mwanakheri, yeye alikimbilia korongoni. Kati ya Juu na Bondeni mtu mmoja tu alikaribishwa pande zote mbili, naye ni Mama Ugoro. Kila alasiri alivuka na kikapu chake cha tumbaku, akakaa na wahunzi wakinusa na kupiga chafya, na wakati wa kupiga chafya ndipo habari zilipohama. Mwanakheri alimwona anateremka njia, kikapu kichwani, anatembea haraka kama mtu mwenye neno linalomwasha ulimi. Akamtangulia, akaenda kukaa katikati ya gogo, miguu inaning'inia huku na huku.

"Nipishe, mwanangu."

"Leo sikupishi, mama."

"Wateja wangu wananingoja."

"Ukivuka na hilo ulilo nalo mdomoni utakuwa umeua mtu. Na mtoto wake."

"Mimi? Mimi siongei!"

"Wewe, mama? Ukikohoa huku, kule wanasema afya."

Mama Ugoro alikasirika, akajaribu kumruka. Gogo likatikisika. Kokoto zikaporomoka, zikachukua muda mrefu kabla ya kulia chini. Mwanakheri akafumba macho akamkumbatia mama yule miguu, na wote wawili wakabaki hivyo, wanapumua.

Akiwa pale alisikiliza nyundo. Kutoka Juu zilikuwa zinalia, tang, tang, tang. Maadamu zinalia, hawajajua. Halafu moja ikanyamaza. Nyingine ikanyamaza. Zote zikanyamaza, na mlima mzima ukawa kimya. Mwanakheri akasema moyoni, basi, imevuka kwa njia nisiyoijua, na Nyamizi amekwisha. Alimbana Mama Ugoro miguu mpaka akamwumiza. Kisha kule juu mtu akacheka, maji yakamwagwa, na nyundo zikaanza tena. Walikuwa wamesimama kunywa maji tu. Mwanakheri alilia, na Mama Ugoro, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akanyamaza naye.

Na Mbaruku? Alizunguka lile kundi akitazama vichwa. Safari hii hakuna aliyemtania. Aliyekuwa mbele ni Mwamvua, na Mwamvua alisukwa na dada yake mkubwa. Dada huyo alisukwa na nani? Mbaruku akatazama njia zilizopinda nyuma ya sikio, akaujua mkono. Muuza dagaa alisukwa na shoga yake, na yule shoga nyuma ya sikio ana mpindo uleule. Akaenda kichwa kwa kichwa, na vile vilivyosikilizwa na wengine vilikuwa vimetoka mapaja mamoja, ya Bi Shumbana, bibi kizee ambaye hakuwepo pale wala hakuwa na cheo chochote mjini.

Alimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunitazama kichwa?"

"Bibi, wanataka kumuua yule mgeni. Wewe peke yako ndiye watakayemsikia."

Bi Shumbana aliendelea kupepeta. "Wamekuja hapa kuniita tangu asubuhi. Nikawaambia sijui, na nisilolijua silisimamii. Wala kwa ajili yako silisimamii. Niletee aliyeona kwa macho yake."

Mbaruku akatoka. Alisimama mlangoni hajui aende wapi, na huko sokoni mtu wa kwanza alikuwa ameanza kugonga mlango wa Nyamizi kwa mpini wa shoka. Ndipo akamwona Sengondo anapanda njia, amemshika Tunu mkono. Tunu aliingia, akapiga magoti, akasema alichokiona, na hakuongeza kitu.

Bibi aliweka ungo chini. "Na kama kweli ni mchawi?" alimuuliza Mbaruku. "Nikifanya unalotaka nifanye, na kumbe ni mchawi?"

"Sijui, bibi," alisema Mbaruku. "Hilo sijui."

Bibi akajifunga kanga vizuri, akatoka.

Watu walimpisha. Alipita kati ya mapanga akiwasalimia kwa majina, na kila aliyesalimiwa alishusha macho. Alifika mlangoni, ambao sasa ulikuwa na ufa.

"Fungua, mwanangu. Nimekuja kusukwa."

Akagonga tena.

"Fungua. Jua linanichoma."

Kinu kikasikika kinaburutwa. Nyamizi akatokeza, uso umekuwa kama majivu. Bi Shumbana alitandika mkeka pale nje, mbele ya wote, akavua kilemba, akafumua nywele zake nyeupe na kumlalia mapajani. Wanawake waliguna. Mwamvua akaziba mdomo kwa mkono. Kitana kikamwanguka Nyamizi, akakiokota, kikaanguka tena.

"Polepole," alisema bibi, macho amefumba. Mimi nawaambia na yeye aliogopa, mishipa ya shingo yake ilionekana inapiga.

"Tunu," akaita. "Waambie."

Tunu alisema kwa sauti ambayo hata aliyekuwa karibu hakuisikia.

"Rudia."

Tunu akavua kanga kichwani, wakauona ule upande uliosukwa na ule uliotimka. Akasema kwa nguvu, "Niliona nywele ndani ya gunia! Nywele tu! Sikuona vichwa, wala sikumsikia akitaja mtoto wa mtu. Niliogopa nikakimbia. Hayo mengine mmeyaongeza wenyewe!"

Nyamizi akaeleza habari ya mto. Gunia likaletwa, likamwagwa. Zilitoka nywele, na ndani yake kimto kidogo, upande mmoja kimeshonwa, upande mwingine bado. Mwamvua alikitazama kile kimto kwa muda mrefu, halafu akaweka mchi wake chini taratibu. Wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akimkwepa mwenzake macho. Huko Juu nyundo zilikuwa bado zinalia.

Nyamizi alijifungua salama, mtoto wa kike.

Sasa ndio mnisikilize vizuri. Kilongwe mtoto akitimiza siku zake hunyolewa nywele za kuzaliwa, na huchaguliwa mtu mmoja wa kumnyoa. Huyo huitwa mshika kichwa. Nywele zile huzizika kizingitini mwa nyumba yake, na tangu siku hiyo mtoto ni wa kizingiti hicho. Anayemgusa mtoto, au mama yake, ameigusa nyumba ile na ukoo wake wote. Nywele hazigawanywi, na mshika kichwa hawi wawili. Kwa mwenyeji ni heshima tu. Kwa mgeni asiye na ndugu wala jamaa, ndiyo ngao pekee anayoweza kuipata.

Nyamizi aliihitaji mno. Homa ilikuwa haijaisha. Wale waliomwomba radhi bado walivuta watoto wao wakimwona anapita. Wahunzi nao walikuwa wameshasikia, na wawili walivuka wakaja kusimama mbele ya kibanda chake, wakakitazama bila kusema neno, wakarudi. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Alimwendea kwanza Bi Shumbana. Bibi akamwambia, "Mimi ni wa leo, mwanangu. Mtafutie mtoto mtu wa kesho." Tunu hata kuulizwa hakutaka.

Wakabaki watatu. Walikuja siku ya kunyoa, wakakaa kwenye mkeka uleule.

Sengondo alisema, "Bila mimi bibi asingenyanyuka kwenye ungo wake, na uongo ungebaki hauna mwenyewe. Kesho wakianzisha lingine nitalifuata mpaka mdomo wa kwanza."

Mwanakheri alisema, "Nyie mlipata muda wa kuulizana maswali kwa sababu mimi nilikuwa nimekalia gogo. Wahunzi wangeshuka, mngemrudisha Tunu mkute majivu. Kesho nitajua hatari itapita kwa nani kabla haijapita."

Mbaruku alisema, "Maneno ya Tunu peke yake, nani angeyasikiliza? Wangempiga na yeye. Jumbe alisema na hawakumsikia. Mimi ndiye niliyejua kichwa gani kikilala, vingine vyote vitatulia."

Waliohudhuria wakaanza kubishana, kama ninavyowaona ninyi mnavyotaka kuanza. Mmoja akasema apewe Sengondo, maana aliingia kati ya mapanga. Akajibiwa kwamba Sengondo hutafuta chanzo jambo likishaharibika. Mwingine akasema Mwanakheri, aliyening'inia juu ya korongo. Akajibiwa, na siku Mama Ugoro akifa, na vivuko vikawa vingi, atakalia magogo mangapi? Wa tatu akasema Mbaruku. Mwamvua mwenyewe akadakia, "Na siku huyo anayesikilizwa na wote akiwa ndiye anayetaka damu?" Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Nyamizi alikuwa amempakata mwanawe. Wembe ulikuwa kwenye bakuli la maji. Akauchukua, akaukausha kwa pindo la kanga, akawatazama watatu wale uso kwa uso. Alimpenda kila mmoja wao, na kila mmoja alikuwa amemwokoa na kifo. Lakini hakuwa anatafuta wa kumshukuru. Alikuwa anatafuta wa kumwachia mtoto siku atakaposikia tena zile nyayo zinaongezeka mlangoni, na alijua atazisikia.

Mkono wake umenyooka, wembe uko kiganjani, mtoto ameanza kulia.

Je, wewe ungekuwa Nyamizi, wembe ungempa nani?